Jinsi ya Kufanya Majaribio ya Mlo, Hamu ya Kula na Urefu wa Maisha Nyumbani

Anayetaka kujua kama mlo fulani utamwongezea umri ana kikwazo ambacho hakuna kifaa cha kununua kitakachokiondoa: ana mwili mmoja, na atauishi mara moja tu. Akila kidogo kwa miaka 50 na kufikisha umri wa miaka 90, hatajua angefikisha mingapi kama angekula hadi kushiba, kwa kuwa hana pacha aliyeishi maisha yale yale huku akila kwa kushiba. Ndiyo sababu mwongozo huu unatenganisha mambo mawili ambayo wengi wanaoanza majaribio ya namna hii huyachanganya. Hamu ya kula hupimika kwa mtu mmoja, kwa sababu hupanda na kushuka mara kadhaa kwa siku, na mtu anaweza kuijaribu leo kwa njia hii na kesho kwa njia ile, kisha akalinganisha. Urefu wa maisha hupimwa kwa kundi, na nyumbani kundi hilo haliwezi kuwa la watu. Ni la viumbe wanaozaliwa na kufa ndani ya miezi michache, hasa nzi wa matunda. Nitaanza na hamu ya kula, na huko nitakaa muda mrefu zaidi, kwa kuwa ndiko mtu wa kawaida mwenye mizani ya jikoni na daftari anakoweza kupata jibu la kuaminika.

Kwanza ni vizuri kujua wataalamu wamefika wapi, ili mtu asijiwekee lengo ambalo hata maabara kubwa hazikulifikia. Mwaka 1935 Clive McCay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani walichapisha matokeo ya panya waliopunguziwa chakula huku wakipewa vitamini na madini ya kutosha, na wakaonyesha kwamba kupunguza chakula kunaweza kurefusha maisha ya mnyama. Kwa tumbili wa jamii ya rhesus mambo yalikuwa magumu zaidi. Utafiti mmoja uliofanywa katika jimbo la Wisconsin, Marekani, uliochapisha matokeo yake mwaka 2009, ulionyesha faida. Mwingine, wa taasisi ya taifa ya Marekani inayochunguza uzee, ulitangaza mwaka 2012 kwamba waliopunguziwa chakula hawakuishi muda mrefu kuliko wenzao. Wanasayansi wa pande zote mbili walipokaa pamoja kulinganisha, waliona kwamba tofauti kubwa ilikuwa kwenye kundi la ulinganisho: tumbili wa Wisconsin ambao hawakupunguziwa walikula watakavyo, tena chakula chenye sukari nyingi, ilhali wale wa utafiti wa pili walipimiwa chakula chao na hivyo hawakunenepa vile. Msomaji na alishike jambo hili, kwa maana litamrudia jikoni kwake: tofauti yoyote utakayoiona inategemea unalinganisha na nini.

Kwa binadamu, jaribio kubwa lililoitwa CALERIE liliwaomba watu wasio wanene kupita kiasi wapunguze robo ya kalori zao kwa miaka 2. Pamoja na msaada wote wa wataalamu wa lishe, kwa wastani walifanikiwa kupunguza takriban asilimia 12. Mtu anayepanga peke yake kupunguza asilimia 30 kwa mwaka mzima ajue kwamba anataka kuwapita watu waliokuwa wakisaidiwa na kupimwa hatua kwa hatua.

Nani asijaribu, na lini mtu aache

Sehemu hii naiweka kabla ya mizani na daftari kwa makusudi. Majaribio ya kupunguza chakula hayamfai mtoto wala kijana ambaye bado anakua, mwanamke mwenye mimba au anayenyonyesha, mtu aliyewahi kuwa na maradhi ya kujinyima chakula au ya kula na kujitapisha, wala mtu ambaye uzito wake tayari uko chini. Ili kujua kama uko chini, gawanya uzito wako kwa kilo kwa kimo chako cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Jibu likiwa chini ya 18.5, jaribio lako lisihusu kupunguza chochote. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, au dawa za shinikizo la damu, azungumze kwanza na daktari anayemtibu, kwa sababu kipimo cha dawa kilichomfaa alipokuwa akila kawaida kinaweza kumwangusha akipunguza mlo. Kujinyima maji hakuna nafasi katika jaribio lolote la aina hii.

Andika masharti ya kuacha kabla hujaanza, tena kwa wino, kwa kuwa njaa ikishamkolea mtu haamui vizuri. Masharti yangu ni haya: kizunguzungu kila ninaposimama, kuzimia hata mara moja, moyo kwenda mbio bila sababu, uzito kushuka kwa wastani wa zaidi ya kilo moja kwa wiki, na, kwa wanawake, hedhi kukatika. Ninaongeza sharti ambalo watu hulisahau, nalo ni mawazo ya chakula kuijaza siku nzima. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Minnesota lililoongozwa na Ancel Keys mwaka 1944 na 1945, wanaume 36 wenye afya waliolishwa takriban nusu ya mahitaji yao kwa wiki 24 walipoteza kama robo ya uzito wao. Baadhi yao walianza kukusanya vitabu vya mapishi, kulamba sahani na kuota chakula usiku, na hata waliporudishiwa chakula, wapo walioendelea kusikia njaa matumbo yakiwa yamejaa. Mtu akianza kuziona dalili hizo kwake mwenyewe, asizichukulie kuwa udhaifu wa nia. Mwili wake unamjulisha kwamba jaribio limekwisha.

Na usimjaribie mtu mwingine bila ridhaa yake. Kumpunguzia mwenzio chumvi au mafuta kimyakimya ili uone kama atagundua ni kumkosea, hata kama nia yako ni njema.

Swali dogo linalopimika

Swali la "je, mlo huu ni mzuri?" halijibiki. Linalojibika ni kama hili: nikinywa supu nyepesi ya mboga robo saa kabla ya chakula cha mchana, je, jumla ya kalori nitakazokula mchana huo, pamoja na zile za supu, itakuwa ndogo kuliko siku ambayo sikunywa? Swali hili linataja kitu kinachobadilishwa, linataja kinachopimwa, na linataja muda. Halina neno "afya" wala neno "nguvu", maneno ambayo kila mtu hujaza maana yake mwenyewe. Nitalitumia kama mfano hadi mwisho wa sehemu hii, kwa kuwa ni rahisi, halina hatari kwa mtu mzima mwenye afya, na limewahi kufanyiwa utafiti wa kitaalamu uliogundua kwamba supu kabla ya mlo hupunguza kiasi kinacholiwa.

Hamu ya kula ina njia mbili za kupimwa, na inafaa kuzitumia zote mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni hisia. Chora mstari mnyoofu wa milimita 100. Upande wa kushoto andika "sina njaa kabisa", upande wa kulia andika "sijawahi kuwa na njaa kama hii", kisha weka alama mahali unapojiona upo. Fanya hivyo kabla ya kula, mara umalizapo kula, na kila baada ya nusu saa kwa saa mbili. Tumia karatasi mpya kila mara, uitie kwenye bahasha bila kuitazama tena, kwa sababu ukiiona alama ya awali mkono wako utaifuata. Rula itatumika siku ya mwisho.

Mfano mzuri wa kipimo cha hisia ni kazi ya Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney, mwaka 1995. Waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kwa kiasi chenye takriban kilokalori 240 (kilokalori ndiyo ile watu huiita kalori tu), wakawauliza kiwango cha shibe kila baada ya dakika 15 kwa saa mbili. Mkate mweupe ulipewa alama 100. Viazi vya kuchemsha vilipata 323 na kruasani, ule mkate laini wa siagi wa Kifaransa, ikapata 47. Ukitaka kuona kwa macho yako sababu mojawapo, weka kwenye mizani mkate mweupe wenye kilokalori 240, ambao ni kama gramu 90, kisha karibu nao viazi vya kuchemsha vyenye kalori hizo hizo, ambavyo ni kama gramu 280. Vipande vitatu vya mkate vinakaa kiganjani. Viazi vinajaza sahani. Tumbo huhisi uzito na ujazo wa chakula muda mrefu kabla damu haijahisi kalori zake.

Njia ya pili ni kupima kilicholiwa, na hii ndiyo ninayoiamini zaidi, kwa sababu watu wengi hawajui wamekula kiasi gani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 uliwachunguza watu waliosema hawapungui uzito ingawa wanakula kidogo, ukagundua kwamba waliandika pungufu kwa takriban asilimia 47 ya walichokula na wakazidisha mazoezi yao kwa takriban asilimia 51. Hawakuwa waongo. Kumbukumbu ya mlo husahau kijiko cha mafuta kilichoongezwa sufuriani, ncha ya mkate iliyoliwa wakati wa kupika, na mabaki ya sahani ya mtoto. Mizani haisahau, alimradi kila kinachoingia mdomoni kipitie juu yake.

Kuandaa siku za jaribio

Chagua chakula kimoja cha mchana unachokipenda kwa kadiri, kisichokuwa kipenzi chako wala kile unachokilazimisha, na ukipike kwa kipimo kile kile kila mara. Kiwe ni chakula kilichochanganyika, kama wali uliopikwa pamoja na maharage, ili usiweze kuchagua vipande vitamu na kuacha vingine. Pima sufuria nzima baada ya kupika, hesabu kalori za viungo vyote ukitumia vifungashio au majedwali ya lishe, kisha ugawanye ili ujue kila gramu 100 ina kalori ngapi.

Sasa jambo ambalo huharibu majaribio mengi kuliko yote: pakua chakula kingi kuliko unachoweza kukimaliza. Mtu aliyelelewa kumaliza sahani ataimaliza, awe amekunywa supu au hakunywa, na jaribio lake litakuwa limepima ukubwa wa sahani. Ninatumia bakuli kubwa la kupakulia, ninalipima likiwa limejaa, ninakula moja kwa moja kutoka humo, kisha ninalipima tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo mlo wangu. Kinachobaki hurudi sufuriani na huliwa jioni, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Ikiwezekana, mtu mwingine asome mizani na kuandika namba bila kukuambia, kwa kuwa mtu anayejua jana alikula gramu 430 leo ataacha kijiko pale pale, bila hata kukusudia.

Kifungua kinywa cha siku za jaribio kifanane kwa chakula na kwa saa. Andika ulilala saa ngapi, kwa kuwa usingizi mfupi huongeza hamu ya kula siku inayofuata, na andika kama ulifanya kazi nzito au mazoezi. Mwanamke anayepata hedhi azingatie kwamba hamu ya kula kwa wengi huongezeka katika siku zinazotangulia hedhi; siku zake za jaribio zitawanywe katika mzunguko mzima, au jozi zake zipangwe karibu karibu ili kila siku ya supu iwe na mwenzake wa siku za jirani.

Hapo ndipo penye neno "jozi". Gawanya siku za jaribio katika jozi 8, kila jozi siku mbili zinazofuatana au zinazokaribiana. Kwa kila jozi rusha sarafu: ikianguka upande mmoja, supu inakuwa siku ya kwanza, upande mwingine, siku ya pili. Mwombe mtu akurushie, aandike matokeo kwenye vipande vya karatasi, na kila kipande akitie kwenye bahasha yenye tarehe. Fungua bahasha ya siku hiyo robo saa tu kabla ya chakula. Usifungue asubuhi, kwani ukijua mapema kwamba leo ni siku ya supu unaweza kupunguza chai ya saa nne, au kuiongeza, na tofauti utakayoipata mchana itakuwa imetengenezwa asubuhi. Wapo watakaoona bahasha ni mzaha wa watoto. Mimi naona ndicho kifaa cha thamani kuliko vyote katika jaribio hili, na hakigharimu kitu. Na sarafu isibadilishwe na maamuzi yako, hata pale inapoangusha supu siku tatu za kwanza mfululizo. Anayechagua siku mwenyewe huchagua siku za supu anapokuwa na nia nzuri, na nia nzuri peke yake hupunguza mlo.

Kabla ya kufungua bahasha ya kwanza, andika kanuni ya kuamua. Kwa jozi 8, hesabu ni nyepesi. Kama supu haina athari yoyote, kila jozi ni sawa na kurusha sarafu, na nafasi ya jozi 7 au zote 8 kuonyesha mlo mdogo siku ya supu ni 9 katika 256, yaani takriban asilimia 3.5. Nafasi ya jozi 6 au zaidi ni 37 katika 256, ambayo inazidi asilimia 14. Kwa hiyo ninaandika: jozi 7 au 8, nitakubali kwamba supu inanipunguzia mlo, 6 au pungufu, nitasema sijaona ushahidi wa kutosha. Kisha ninahesabu pia wastani wa tofauti kwa kilokalori, kwa maana athari inaweza kuwa ya kweli na bado ikawa ndogo kiasi cha kutostahili kuhangaikiwa. Usisimamishe jaribio kwenye jozi ya tano kwa sababu zote tano zimependeza. Anayechungulia na kuacha pale panapompendeza atapata jibu alilolitaka kila mara.

Endelea kuandika mlo hadi unapolala. Mara nyingi mtu hupunguza mchana kisha hulipa jioni, na mwenye kupima mchana tu hujiona ameshinda.

Uzito si jibu la wiki moja

Wengi hawana subira na supu na bahasha. Wanataka kujua kama uzito umeshuka. Jipime kila asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya kula, ukiwa na nguo zile zile, na usome wastani wa siku 7 badala ya namba ya siku moja. Mwili huhifadhi wanga katika misuli na ini kwa umbo la glikojeni, na kila gramu ya glikojeni hushikana na kama gramu 3 za maji. Mtu akipunguza wanga ghafla, maji hayo hutoka na mizani hushuka kilo moja au mbili kwa siku chache. Akila chumvi nyingi usiku, hupanda. Mafuta ya mwili hayaendi kwa kasi hiyo. Kilo moja yake ina takriban kilokalori 7,700, kwa hiyo anayepunguza kilokalori 300 kwa siku anahitaji kama siku 26 ili kuipoteza. Jaribio la uzito la wiki moja, basi, hupima maji.

Kuhusu subira, yupo mtu ninayemfikiria kila ninapopanda kwenye mizani. Santorio Santorio, tabibu wa Padua nchini Italia, alijipima kwa takriban miaka 30 akiwa juu ya kiti kilichoning'inizwa kwenye mizani, akilinganisha uzito wa alichokula na kunywa na uzito wa kilichomtoka, na mwaka 1614 akachapisha hitimisho lake kwamba sehemu kubwa ya tunachokula hututoka bila kuonekana. Hakuwa na kalori wala homoni za kuelezea alichokiona. Alikuwa na kipimo kimoja, akakirudia kwa uaminifu.

Ukishaizoea njia ya jozi na bahasha, maswali mengine yapo tele. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa taasisi za afya za taifa za Marekani waliwaweka watu 20 chini ya uangalizi, wakawapa kwa wiki mbili vyakula vilivyosindikwa sana viwandani na kwa wiki mbili vyakula visivyosindikwa, vikiwa vimelinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, nyuzinyuzi na chumvi. Walipoachiwa wale watakavyo, walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku kwenye mlo wa kwanza, na walikula haraka zaidi. Kasi ya kula ni jambo unaloweza kulijaribu nyumbani kwa kutumia saa ya mkononi tu: siku moja dakika 10, siku nyingine dakika 25, chakula kile kile, bahasha zile zile. Seth Roberts, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyefariki mwaka 2014, alijifanyia majaribio kwa miaka mingi na kudai kwamba maji ya sukari yasiyo na ladha nyingine, yakinywewa mbali na mlo, yalimpunguzia hamu ya kula. Anayevutiwa na wazo hilo asilikubali wala kulikataa kwa kusoma. Alilete kwenye jozi 8, na mwenzake amchanganyie vinywaji, cha sukari siku moja na chenye kitamu kisicho na kalori siku nyingine, ili asijue amekunywa kipi.

Urefu wa maisha: nzi ndani ya chupa

Simshauri mtu yeyote kupunguzia chakula panya, ndege au samaki nyumbani. Viumbe hao huteseka kwa namna inayohitaji daktari wa mifugo na usimamizi, na wanaishi muda mrefu mno kwa jaribio la mtu mmoja. Nzi wa matunda, kwa upande mwingine, wametumiwa kwa zaidi ya karne moja kuchunguza uzee. Katika joto la nyuzi 25 hutoka yai hadi nzi kamili kwa kama siku 10, na wakitunzwa vizuri huishi takriban miezi miwili, wengine zaidi.

Watege kwa ndizi mbivu ndani ya chupa, waache watage, kisha waondoe wazazi. Unaowataka ni watoto wao waliotoka ndani ya siku mbili zile zile, ili wote wawe na umri mmoja. Waache pamoja siku mbili wapandane, kisha uwatulize kwa kuweka chupa juu ya barafu hadi wasijongee, uwamwage kwenye sahani baridi na kuwatenga jike na dume kwa lenzi. Dume ni mdogo na ncha ya tumbo lake ni nyeusi na ya mviringo. Jike ni mkubwa na ncha yake imechongoka. Tumia majike peke yao, kwa kuwa wao ndio huitikia zaidi mabadiliko ya mlo. Wagawe kwa bahati nasibu, mmoja huku na mmoja kule, hadi uwe na chupa 8 kwa kila mlo, kila chupa nzi 12 hivi. Mgawo huu pia unakulinda na hatari ya kwamba umetega aina zaidi ya moja ya nzi, kwa sababu mchanganyiko utakuwa sawa pande zote.

Kwa chakula, chemsha lita moja ya maji yenye gramu 15 za agari (unga wa mwani unaogandisha chakula) na gramu 50 za sukari. Kwa mlo mmoja ongeza gramu 100 za hamira, kwa mwingine gramu 200, na uchemshe ili hamira ife. Hamira ndiyo inayobadilishwa, sukari inabaki palepale, kwa sababu hamira ndiyo protini ya nzi. Utafiti wa mwaka 2005 kutoka London ulionyesha kwamba kupunguza hamira kulirefusha maisha ya nzi kuliko kupunguza sukari yenye kalori sawa. Jambo hilo liliwashangaza wengi waliodhani kalori ndizo zote. Mwenye nafasi aongeze mlo wa tatu, wa gramu 50, ili aone pia mahali ambapo upungufu unageuka kuwa njaa.

Mimina chakula kwa kina cha sentimita mbili, kiache kipoe kabisa na unyevu ukauke kwenye kuta za chupa, ndipo uingize nzi na kuziba kwa pamba. Haraka ya hatua hii hunasisha nzi kwenye chakula chenye majimaji. Kila baada ya siku mbili au tatu wahamishe kwenye chupa mpya na uandike waliokufa, waliotoroka na waliouawa na mkono wako. Makundi mawili ya mwisho hayahesabiwi kuwa vifo. Huondolewa kwenye idadi ya waliopo kuanzia siku hiyo. Maiti iliyohamia chupa mpya iwekewe alama isije ikahesabiwa mara mbili.

Jaribio langu la kwanza la nzi lilinipa tofauti kubwa na ya kuvutia, hadi nilipoweka kipimajoto. Chupa zote za mlo mmoja zilikuwa rafu ya juu, karibu na taa, na za mlo wa pili rafu ya chini. Juu palikuwa na joto zaidi kwa nyuzi 3. Wanasayansi Jacques Loeb na John Northrop walikwisha kuonyesha kati ya mwaka 1916 na 1917 kwamba nzi huishi muda mrefu zaidi kwenye ubaridi, na mimi nilikuwa nimerudia kazi yao bila kujua, nikiita joto kwa jina la hamira. Tangu hapo chupa zangu zina namba tu, mlo wa kila namba umeandikwa kwenye karatasi iliyofungwa, na kila ninapobadilisha chakula ninazichanganya mahali pake rafuni.

Mwisho chora mchoro: siku kwenye mstari wa chini, sehemu ya nzi walio hai kwenye mstari wa pembeni, mkunjo mmoja kwa kila mlo. Soma siku ambayo nusu walikuwa wamekufa, lakini usiishie hapo. Tazama kama mikunjo inaachana mapema, jambo linaloashiria chupa mbaya au chakula kilichoota ukungu, au inaachana polepole kadiri umri unavyosogea. Tazama pia chupa moja moja, kwa maana tofauti inayotokana na chupa mbili kati ya 8 ni ya chupa hizo. Usifunge jaribio wanapobaki nzi wachache wazee kwa kuona kwamba matokeo yameshajulikana; mkia wa mkunjo ndio unaosema kama mlo umerefusha maisha ya wote au umewaepusha wachache na kifo cha mapema. Nzi wa mwisho akifa, andika tarehe, fungua ile karatasi ya namba, na kama bado unao nzi ambao hukuwatumia katika jaribio, uwagandishe kwenye friza kabla ya kuwatupa.